Mnaouza vidude vya "gemu elfu kumi" Mtwara na kuviita PSP, mmetuchosha!!

Wakuu habari za saa hizi. Leo nimeshindwa kuvumilia, naomba nimwage ya moyoni, na kama kuna muuzaji anasoma hapa aje ajibu, sikimbii.

Kila msimu wa korosho ni kitu kilekile. Minada ikianza tu, hela zikianza kuingia kwa wakulima huko Tandahimba, Newala na Masasi, wanatokea jamaa na mabegi yao, wanatandika turubai pembeni ya soko au stendi, saa za kung'aa, spika, pawabenki, na siku hizi wamekuja na hivi vidude vya gemu. Boksi zuri, picha ya gari, picha ya mpira, Mario yupo mbele anacheka, limeandikwa gemu 10,000, na ukimuuliza hii ni nini anakujibu bila hata kupepesa macho, "PSP hiyo kaka, orijino, mpya kabisa."

Mpya?? PSP ni mashine ya gemu ya mkononi ya Sony, na Sony mwenyewe aliacha kuiuza mwaka 2014! Ilitoka Japani Desemba 2004, ikaishi miaka kumi ikafungwa. Sasa wewe hiyo mpya umeitoa wapi, umeichimba Msimbati kwenye gesi?

Dada yangu ndo kaingizwa mjini. Kalipwa korosho zake, na alikuwa kamwahidi mwanae akimaliza la saba atamnunulia gemu, akaenda gulioni akapewa hicho kidude kwa elfu tisini, hakuna risiti wala nini. Mpwa wangu kaja nacho kwangu anakimbia, "Mjomba nitafutie God of War humu." Maana mimi ndo nilimsimulia God of War, gemu ya kupigana iliyokuwepo kwenye PSP. Nimekaa na lile dude jioni nzima, umeme wenyewe ulikuwa umekata tunatumia mwanga wa skrini yake, nashuka orodha kurasa kwa kurasa. God of War hamna. Kilichopo ni Contra, ile gemu ya zamani ya askari anayekimbia huku anafyatua, alafu Contra tena imeandikwa jina lingine, alafu Contra unaanzia steji ya tatu wamehesabu ni gemu nyingine, alafu vifaru, vifaru vya rangi tofauti, vifaru vya usiku. Hiyo ndo elfu kumi yenyewe. Ukitoa marudio unabaki na gemu ambazo nyingi ni za Famicom, mashine ya Nintendo ya mwaka 1983. Miaka ishirini na moja kabla ya PSP!

Na mnielewe vizuri, siwatukani Famicom hapa. Contra ni moja ya gemu bora nilizowahi kushika na nitabishana na yeyote. Shida ni kwamba hata hiyo Contra yenyewe humo ndani wameiua. Steji ya kwanza tu, unakimbia kulia, kuna askari wamekaa juu kwenye miamba wanakupiga, kuna mizinga imejificha ukutani. Contra yote imejengwa kwenye kupiga mshazari, unashika juu na kulia kwa pamoja unakimbia huku unafyatua, ndo raha yake ilipo. Kwenye kile kidude ukishika juu na kulia, mara kinachukua juu peke yake jamaa anasimama wima anapiga mbingu, mara kinachukua kulia tu. Ukitaka kuruka unabonyeza, unasubiri, ndo anaruka, risasi ishakupata zamani. Sauti nayo inakwaruza, ule muziki wa mwanzo ambao ukiupiga popote mtu wa rika langu anageuka, umekuwa kama redio iliyoingia maji. Dogo akafa akafa akafa akaniangalia akasema "Mjomba kumbe gemu zenu za zamani mbovu hivi?"

Hapo ndo nilipopandwa na hasira mpaka sasa haijashuka. Hela itatafutwa nyingine, korosho zitazaa tena. Lakini huyu mtoto keshaweka kichwani kwamba gemu za zamani ndo zilikuwa hivi, zinakwamakwama, zinakwaruza, hazitii, na kwamba sisi tulikuwa tunashangilia takataka. Si kweli! Famicom ilikuwa inatii kidole papo hapo, ulikuwa ukifa unajua umekufa kwa uzembe wako. Yule mzee Gunpei Yokoi wa Nintendo alikaa akabuni ule msalaba wa kubonyeza juu, chini, kushoto, kulia kwa ajili ya gemu ndogo ya mkononi ya Donkey Kong mwaka 1982, na mpaka leo padi za dunia nzima zinaufuata. Huyohuyo na timu yake wakaleta Game Boy 1989, skrini haina rangi wala taa, ni kijani kijani tu, lakini unaweka betri nne ndogo unacheza masaa na masaa, Tetris, ile gemu ya kupanga matofali, ilikaa mikononi mwa watu wa kila umri. Walikuwa wanajua mashine yao ni dhaifu wakatengeneza gemu inayotosha mashine. Sasa mtu anachukua kazi ya namna hiyo anaifinyanga kwenye plastiki la ovyo anaandika PSP.

Na PSP yenyewe mnaijua lakini? Ile ilikuwa kufuru. Skrini ya inchi 4.3 kipindi ambacho simu zetu zilikuwa na nyoka. God of War: Chains of Olympus ya 2008, mtu unacheza umelala kitandani unaona kabisa hii ni PS2, ile mashine ya Sony ya kuchomeka kwenye TV, nimeshika mkononi. GTA Liberty City Stories ya 2005, mji mzima unazunguka na pikipiki. Tekken: Dark Resurrection, gemu ya ngumi na mateke, mimi kwangu hiyo ndo Tekken ya mkononi bora mpaka leo na sijaona ya kuigusa, inakwenda laini, kombo zinatoka zote, mnaunganisha PSP mbili hewani mnapigana bila waya kijijini hakuna hata mtandao. Kasoro zake zilikuwepo, ile analogi moja, kile kidude cha kusukuma kila upande kwa dole gumba, ilichosha kidole na kwenye gemu za kupiga bunduki ilikuwa mateso, na UMD, vile vidiski vyake vya gemu, zilikuwa taratibu kufunguka. Ila ilikuwa mashine ya heshima.

Kwahiyo kwa mwenye ndugu anataka kununua msimu huu, mfundishe hivi. Geuza nyuma, PSP ina mlango wa kuweka UMD, kile kidiski kidogo ndani ya plastiki. Isiyo nao ni PSP Go peke yake ya 2009, ile ya kuteleza juu. Angalia analogi, PSP ina moja tu upande wa kushoto, ukiona mbili ondoka hata kama jamaa anaapa kwa mama yake. Angalia tundu la chaja, hakuna PSP iliyotoka kiwandani na Type-C. Na mwambie akuwashie, alafu mwambie afungue gemu ya PSP, siyo Mario. Atajikuna.

Vile vidogo vya gemu 400 vyenye umbo la Game Boy sina ugomvi navyo sana, fungua mfuniko wa nyuma utakuta betri bapa kama ya Nokia ya tochi, bei yake ndogo, na anayenunua anajua ananunua kitu cha kupoteza muda. Havihifadhi ulipofika, ukizima unaanza upya. Sawa. Uza kwa jina lake. Mimi nachokataa ni uongo.

Alafu kuna wale mtakaokuja kusema "mkuu si uweke PPSSPP kwenye simu". Ninayo. Ni programu nzuri ya kuchezea gemu za PSP kwenye simu, ipo tangu 2012, ni ya bure, na inaonesha huu wizi ulivyo mkubwa, maana simu ya kawaida ya huyohuyo muuzaji inafungua God of War ambayo kidude chake cha elfu tisini hakiwezi hata kuiota. Ila kucheza Tekken kwa kupapasa kioo siyo kucheza Tekken.

Na makampuni makubwa nao nina hasira nao. Wao ndo wametengeneza hili pengo. Sony alizima ununuzi wa gemu kupitia PSP 2021, Nintendo akafunga duka la mtandaoni la mashine zake za 3DS na Wii U tarehe 27 Machi 2023. Mwaka huohuo Video Game History Foundation, taasisi ya Marekani ya kuhifadhi historia ya gemu, ikatoa utafiti, gemu za zamani zilizotoka kule kabla ya 2010, asilimia 87 hazipatikani tena madukani kwa njia halali. 87! Mtu wa Mtwara mwenye hela yake mkononi anayetaka kununua kihalali hana pa kwenda, anabaki na jamaa wa turubai. Alafu wanashangaa watu wanakopi. Linganisha na PS2, imetoka 2000 na mwaka 2013 bado inatolewa gemu ya mpira ya PES 2014, ndo maana mpaka juzi kibanda cha gemu cha mtaani kwetu kilikuwa kinaishi nayo, kilichoiangusha ni lenzi tu na kukosa fundi.

Wewe uliyemuuzia dada yangu unajijua. Boksi lipo, kidude kipo, hakina hata mkwaruzo. Rudisha elfu tisini ya watu.

Na wakuu, kama kuna mtu Masasi, Nachingwea, Lindi mjini au hapa Mtwara ana PSP ya kweli anaiuza, modeli ya 2000 au 3000, aje PM. Betri kama imevimba siyo tatizo nitatafuta nyingine, ila nataka kwanza nione UMD inazunguka na mshazari unashika. Nakuja na dogo, atajaribu yeye.