Naombeni ushauri: maonyesho ya mtandaoni kwa wasioona

Mwana wa Mkunazini: Assalamu alaykum wanajamvi. Kikundi chetu kinatayarisha maonyesho ya mtandaoni ya vitu vya kale, milango ya Mji Mkongwe, mitepe ile ya baharini, vyombo vya shaba. Tunataka na wasioona wafaidike. Usingizi sipati. Swali dogo tu: msimulizi awe mwanamume au mwanamke?

Bi Mkarafuu: Waalaykum salaam. Mwanamke, tena mtu mzima. Marehemu bibi yangu alikuwa haoni, lakini akiupapasa mlango anakwambia: pembeni minyororo, chini samaki. Wajukuu wenye macho tulikuwa hatujawahi hata kuwatazama hao samaki.

Ngalawa: Mwekeni muuza urojo, watu watajaa.

Mtu wa Wete: Mie sioni, uzi huu nasomewa na TalkBack ya simu yangu. Sauti ninayo. Maelezo ya vitu yako wapi?

Mwana wa Mkunazini: Yapo, kila kitu kina maelezo yake.

Mtu wa Wete: Yapo wapi yakhe? Ni maandishi ya kawaida, au yamo ndani ya picha?

Mwana wa Mkunazini: Yamo ndani ya picha. Lakini mabango yamependeza mno, na mchoraji arubuni nshampa. Ndiyo nikafikiria rekodi moja, mtu akifungua tu inaanza.

Mtu wa Wete: Ikianza yenyewe itapigana na sauti ya simu, hata pa kuizimia sitapasikia. Na nikitaka mtepe tu, nisikilize milango yote? Maelezo yaandikeni chini ya bango, simu iyasome, na kila picha ipewe maelezo mbadala, yale yanayosomwa na simu badala ya picha. Msiseme "picha ya mtepe". Semeni chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi, hakina msumari, tanga lake la mkeka. Tena fundi aonyeshe kwenye msimbo kwamba ukurasa ni wa Kiswahili. Akiacha Kiingereza, simu hukisoma Kiswahili kama mtalii aliyeshuka boti sasa hivi.

Mwana wa Mkunazini: Maandishi chini yataharibu haiba. Na gharama je?

Ustadhi wa Jang'ombe: Umemwalika mgeni halafu umemfungia mlango, ndugu. Muogope Mungu. Ila mimi linaloniuma ni Beit el-Ajaib, lile Jumba la Maajabu la 1883, sehemu yake ikaporomoka Disemba 2020 tunaliangalia.

Paka wa Darajani: Hebu ngojeni. Huyu juzi si alikuwa anauza ng'ombe humu humu? Leo makumbusho! Uzi wa kutunga huu, na huyo wa Wete ni yeye mwenyewe kwa jina jingine. Asiyeona anaandikaje bila kukosea?

Mtu wa Wete: Napitisha kidole, herufi inatajwa, nikinyanyua inaandikika. Na ningekuwa mimi ndiye yeye, arubuni isingetoka.

Ngalawa: 😂😂 Ng'ombe keshanunuliwa?

Mwana wa Mkunazini: Ng'ombe wa ami yangu yule. Maonyesho ni kweli, wallahi. Mtu wa Wete, nikutumie mabango uyapitie kabla sijamalizia pesa?

Mtu wa Wete: Niyapitie vipi yakhe, na maandishi yamo ndani ya picha?