Tupeane uzoefu: mtoto unamwongelesha kitoto au kama mtu mzima?

MamaPacha_Walukuba
Jamani, jana nimekemewa ndani ya teksi na mtu nisiyemjua, abiria wote wakisikia. Natoka Jinja naenda Kampala na pacha wangu, wana mwaka mmoja na miezi minne. Tulipofika Najjembe, watu wakinunua kuku na gonja, zile ndizi za kuchoma, dirishani, mmoja akaanza kulia. Nikambembeleza kama siku zote: "Nyonyo inakuja, nyonyo ya mama, nyamaza weee." Mzee wa kiti cha mbele akageuka. "Mama, nyonyo ndiyo nini? Ziwa lina jina lake. Ukimjaza upuuzi sasa, shuleni nani atamfundisha upya?"

Banange, teksi nzima ikagawanyika. Mpaka tunaingia Mukono kondakta alikuwa bado anabishana na mama mmoja wa nyuma. Mimi nilinyamaza, ila usiku sikulala vizuri, kwa sababu mmoja wa hawa pacha hadi leo neno lake ni moja tu, "baba", na kila kitu ni baba: kuku baba, uji baba. Wenzangu mliwaongelesha kitoto? Walichelewa? Msinipe nadharia, nipeni yaliyowatokea.

Fundi_Busia
Ziwa lina jina lake! Huyo mzee alikuwa anatazama barabara au anatazama nini?

Hajati_Bombo
Mwanangu, lala usingizi. Nimelea saba, wote kwa "simama dede", "njoo tata", "nyamunyamu". Nyumbani kwetu Kinubi na Kiswahili vinapikwa chungu kimoja, na bado hakuna hata mmoja aliyekwenda kazini akamwambia bosi wake "nataka nyamunyamu". Mtoto maneno hayo huyavua mwenyewe kama anavyovua nepi. Huyo mzee alilelewa na nani, na redio?

Nakubali_Tu
Hajati umemaliza.

AfandeMstaafu
Mimi watoto yangu wote nililea kambini na sikuwahi kubembeleza mutoto kwa sauti ya paka. Nilisema nao sawasawa kama askari. Amka, nawa, kula, tawanyika. Kijana yangu wa kwanza akiwa na miaka mitatu alikuwa anasema maneno kamili, hata wakubwa wangu walishangaa.

Lakini nitawaambia ukweli. Tulienda msiba wa shemeji. Watu wamekaa kwenye mkeka, sheikh amemaliza dua, kimya kabisa. Kijana akasimama katikati, mikono nyuma, akasema kwa nguvu: "TAWANYIKA!" Wazee wawili waliinuka kweli. Mama yake hakusema na mimi siku tatu.

Mwalimu_Tororo
Afande, kwa heshima zote: watoto WANGU, kijana WANGU. Mimi nafundisha Kiswahili sekondari. Tangu mtaala mpya wa 2020 somo ni la lazima kidato cha kwanza na cha pili, na wanaonitesa darasani si waliolelewa kwa "nyonyo". Ni waliolelewa kwa "watoto yangu". Nyonyo inaondoka, ngeli iliyovunjika haiondoki.

AfandeMstaafu
Mwalimu, hiyo Kiswahili yangu imevuka mipaka mitatu na watu walinielewa. Yako imevuka nini? Ubao?

Mwalimu_Tororo
Waliokuelewa walikuwa wamenyooshewa bunduki.

Fundi_Busia
Hahaha, huu uzi sitoki.

Bint_Arua
Rudini kwenye mada. Kwetu uchafu wote tuliuita "kaka". Ukiokota kitu chini: "Kaka hiyo! Tupa!" Viatu vya matope, kaka. Nepi, kaka. Sasa mtoto wa kwanza wa mume wangu, aliyekuwa kwa bibi yake Koboko, akaletwa kuishi nasi. Kijana mzuri wa miaka tisa, kavaa shati jipya. Nikambeba mdogo, nikasema kwa furaha, "Haya, msalimie kaka yako!"

Mtoto akamtazama juu mpaka chini, akafunika pua, akapiga ukelele: "Kaka! Tupa!"

Yule kijana aliyasikia maneno hayo siku ya kwanza katika nyumba ya mama wa kambo. Mimi nacheka nikisimulia, lakini siku ile nilitamani ardhi inimeze. Ilibidi nimweleze mara nne, na bado nadhani hakuniamini mpaka alipoona kiatu changu mwenyewe kinaitwa kaka.

Bwana_Ntinda
Ndiyo maana sisi kwetu ni Kiingereza tu tangu siku ya kuzaliwa. Hakuna kitoto, hakuna lugha ya kijiji, hakuna kuchanganya. Binti yangu ana miaka minne, anaongea kama mtangazaji.

Hajati_Bombo
Na bibi yake kijijini anaongea naye vipi, kwa mkalimani?

Bwana_Ntinda
Bibi anajifunza.

Hajati_Bombo
Yaani mkeo azae, halafu mama yako ndiye aende shule. Bambi.

MamaTutu_Kisenyi
Nimesoma haya yote huku mikono inatetemeka. Jambo hili liliniponza mimi, na ni miaka minne sijawahi kulisimulia lote.

Tunakaa Kisenyi, jirani kabisa na mashine za kusaga mahindi. Anayepajua anajua: asubuhi hadi usiku ni vumbi jeupe na mngurumo. Binti yangu alipoanza kusema, mashine akaiita Ngurruu. Tulicheka, nasi tukaanza kuiita hivyo hivyo, mwishowe ikawa ndiyo anwani ya nyumbani. "Turudi Ngurruu." "Baba yuko Ngurruu." Jina lake mwenyewe lilimshinda kutamka, akajiita Tutu, na ukoo mzima tukamwita Tutu. Baba yake ni Dii. Mimi Mamii. Jina lake la cheti lilikuwa kabatini pamoja na kadi ya chanjo. Hakuna aliyewahi kumwita kwa hilo.

Siku mbili kabla ya Idi nilikwenda naye soko la Owino kumtafutia viatu. Ana miaka mitatu na kidogo. Mnajua Owino inavyokuwa kabla ya sikukuu. Nilimwachia mkono nihesabu noti tatu. Noti tatu tu, jamani. Nikainua macho, hayupo.

Nililia mpaka sauti ikakauka. Wauza viatu waliacha meza zao wakatafuta chini ya turubai, wabeba mizigo wakapita wakiita. Nikaenda polisi. Jina? Nikataja yote matatu kama yalivyo kwenye cheti. Wakapiga simu huku na huku. Hakuna mtoto wa jina hilo.

Kumbe ameokotwa na mama mmoja muuza matunda. Unaitwa nani? Tutu. Baba? Dii. Mnakaa wapi? Ngurruu. Na yule mama mwenyewe anakaa Naguru! Akaona ni Mungu, mtoto wa jirani kaletwa kwake. Akafunika matunda yake, akapanda naye teksi. Kwetu ni dakika kumi kwa miguu kutoka pale alipopotea. Mwanangu akavushwa mji mzima.

Kule akazungushwa nyumba kwa nyumba. Mwenyekiti wa LC, serikali ya mtaa, akahangaika naye, bizindaalo, vile vipaza sauti vya mtaani, vikatangaza: mtoto wa kike, gauni la njano, anaitwa Tutu, baba yake Dii. Nani atamjua? Jioni akapelekwa kituo cha karibu, akaandikwa Tutu wa Naguru. Sasa vituo viwili vina mtoto yule yule kwa majina mawili, vinaulizana kwa simu, na kila kimoja kinasema hapana, wenu siye wetu.

Saa mbili usiku mume wangu akafika kutoka Masaka. Akauliza, mmeandikisha jina gani? Nikamtajia. Akanitazama kama mgeni. "Nani anamwita hivyo?" Akamgeukia askari: "Afande, futa. Andika Tutu. Ukimuuliza kwao atakuambia Ngurruu." Askari akainua simu. Nikasikia upande wa pili kimya, halafu mtu akauliza polepole: "Naguru, au Ngurruu?"

Nilimkuta amelala kwenye benchi, amefunikwa leso ya yule mama, mkononi ana nusu embe. Alipofumbua macho akaniambia, "Mamii, Ngurruu imepotea."

Sasa kila usiku kabla ya kulala tunataja: jina kamili, jina la baba, Kisenyi, namba ya simu. Mdogo wake hajafika miaka mitatu na namba anaisema yote, ingawa saba anaiita thaba.

Nakubali_Tu
Dada pole. Nimelia hapa steji na abiria wa boda ananisubiri.

Fundi_Busia
Pole sana. Lakini tuseme ukweli, kosa si lugha, kosa ni mkono. Owino kabla ya Idi unaachaje mkono wa mtoto?

Bint_Arua
Fundi, wewe umewahi kwenda sokoni na mtoto, mkoba na mfuko wa kaveera, halafu muuzaji anataka pesa? Au unajua tu kwenda peke yako na mikono mfukoni?

Fundi_Busia
Nimeuliza tu.

Bint_Arua
Usiulize.

Bwana_Ntinda
Mimi naona hadithi hii imethibitisha nilichosema. Kitoto kilimpoteza.

Hajati_Bombo
Umesoma mpaka mwisho? Kitoto ndicho kilichompata! Cheti kilikaa polisi tangu mchana bila kumpata mtu.

Mwalimu_Tororo
Nyote mna nusu. Na mimi nashangaa yule mama muuza matunda. Kuacha biashara siku mbili kabla ya Idi kwa mtoto asiye wako! Mlimpa nini?

MamaTutu_Kisenyi
Alikataa pesa. Siku ya Idi tulimpelekea pilau, na tangu hapo matunda nanunua kwake tu. Tutu anamwita Mama Embe. Ndiyo, najua, msiniambie.

Nesi_Mbale
Nimesubiri kelele ipungue. Mnachanganya vitu viwili. Kuna SAUTI ya kitoto: kupandisha, kuvuta, kurudia, kutazamana na mtoto. Hiyo haimdhuru, inamsaidia kusikiliza. Mwaka 1997 mtafiti Patricia Kuhl na wenzake walichapisha utafiti wa akina mama wa Marekani, Urusi na Uswidi. Wote walipoongea na watoto wao wachanga walizivuta irabu zile zile, a, i, u, zikawa bayana kuliko wanapoongea na wakubwa. Halafu kuna MANENO ya kitoto, nyonyo na Ngurruu. Machache hayana neno. Ila mtoto akisema "titi" akitaka kiti, usimgombeze na usimwige. Mjibu tu, "Eeh, kiti, kalia kiti." Alisikie lililo sahihi bila kuaibishwa.

Mama Pacha, sasa wewe. Pacha mara nyingi huchelewa kidogo, kwa hiyo usitishike kwa hilo peke yake. Lakini akifika mwaka na nusu hana neno jingine, au miaka miwili haunganishi hata mawili kama "mama njoo", mpeleke. Na jambo la kwanza ni kupima masikio. Nimeona watoto walioitwa wakaidi, wengine wakatafutiwa dawa za kienyeji, kumbe masikio yametoka usaha miezi na hawasikii vizuri. Leo usiku mwite kutoka nyuma bila kugusa kitu, uone kama anageuka.

Fundi_Busia
Uswidi. Akina mama wa Uswidi wamewahi kupanda teksi ya Jinja?

Jjajja_Mdogo
Mimi bibi yangu alisema mtoto akichelewa kusema mpe maji aliyonywea kasuku. Tulikosa kasuku, tukatumia kuku. Mdogo wangu sasa ni wakili, hanyamazi.

Nesi_Mbale
Tafadhali msimpe mtoto maji ya kuku.

AfandeMstaafu
Mimi bado nasema mutoto asemeshwe kama mutu. Lakini huyu Tutu, kama angekuwa wangu, na mimi ningemwita Tutu. Mwalimu, hapo nimekosea wapi?

Mwalimu_Tororo
Mtoto, mtu. Mengine umepata.

MamaPacha_Walukuba
Nimerudi. Nimemwita kutoka jikoni, sikugonga sufuria, sikugusa mlango. Wa kwanza akageuka. Wa pili, yule wa "baba", hakugeuka. Nikaita tena kwa sauti ya kawaida, hakugeuka. Nikaita kwa ile sauti ya nyonyo, "weeee", nikivuta: akageuza kichwa polepole. Sijui nifurahi au niogope. Nesi, naweza kukuandikia faragha?

Nesi_Mbale
Niandikie sasa hivi. Hajachelewa. Aliwahi kuumwa sikio?

MamaPacha_Walukuba
Mara mbili, mwezi wa nne na wa sita. Tulitia mafuta ya moto.

Nesi_Mbale
Usitie tena kitu chochote. Angalia ujumbe wako.

Hajati_Bombo
Allah amfungulie. Tujulishe, mwanangu, usipotee kama wale wanaouliza kisha hawarudi.

Jjajja_Mdogo
Samahani, natoka nje ya mada kidogo. MamaTutu, hiyo mashine ya hapo kwenu bado inasagia watu wenye mahindi machache? Nina gunia moja tu.

MamaTutu_Kisenyi
Inasaga. Njoo kabla ya saa tatu, foleni ni fupi. Ukipotea njia usiulize watu wazima, uliza watoto Ngurruu iko wapi. Mtaa mzima sasa wanaiita hivyo.