Naomba ushauri: wanafunzi wanakikimbia kipindi cha maktaba

Mlinzi wa Kabati
Habari za wakati huu, wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali wilayani Muheza, na tangu Januari nimekabidhiwa maktaba juu ya vipindi vyangu vya Kiswahili. Ninaposema maktaba msifikirie jengo: ni chumba kilichokuwa stoo ya majembe, chenye makabati mawili, mikeka mitatu na vitabu 312, ambavyo zaidi ya nusu ni vya kiada vya mtaala uliopita. Darasa la tatu, ambalo ndilo linaloniumiza kichwa, lina wanafunzi 84 na kipindi kimoja cha dakika 40 kwa wiki.

Nilianza na utaratibu niliourithi: mwanafunzi asome kimya, aandike muhtasari, kisha ajibu maswali matano. Kufikia Machi, siku ya maktaba ikawa siku ya watoto kuumwa matumbo. Wapo wanaopigania kitabu chembamba kuliko vyote ili wamalize mapema. Kilichonishtua zaidi ni binti mmoja aliyenisomea ukurasa mzima bila kukwama, nami nilipofunika picha kwa kiganja na kumwonyesha sentensi ya katikati, hakulitambua hata neno moja. Kumbe alikuwa ameukariri kwa kuitikia pamoja na wenzake darasani. Naomba shughuli zitakazowavuta wasome kwa hamu, nikizingatia kwamba mali yangu yote ni karatasi za manila na maka peni mbili.

Mama Mikeka
Pole, mwalimu, na hongera kwa kufunika ile picha, kwa kuwa wengi wetu hatufuniki. Ushauri wangu wa kwanza ni kuuondoa muhtasari kwa muhula mzima, kwa sababu mtoto anayejua kwamba mwisho wa kila hadithi kuna mtihani hujifunza kuichukia hadithi kabla hajaifungua.

Badala yake, wasomee wewe kwa sauti dakika kumi za mwanzo, ukianza kwa "Hadithi, hadithi!" nao wakiitikia "Hadithi njoo!" kama walivyozoea nyumbani, kisha ukifunge kitabu pale sungura anapokaribia kunaswa. Usiwaambie kilichofuata. Wagawe katika makundi kumi na manne ya watoto sita, kila kundi lishauriane na kuchora linachodhani kitatokea, na wiki inayofuata kila kundi lisome ukurasa uliobaki ili kuthibitisha. Nakala ikiwa moja, unakili ukurasa huo kwa herufi kubwa kwenye manila na kuutundika ukutani. Hapo mtoto anasoma kwa sababu anataka kujua kama alipatia, na kumbukumbu haitamsaidia, kwa kuwa hajawahi kuusikia ukurasa ule.

Wakizoea, ingieni kwenye ngonjera. Chagueni hadithi yenye mabishano, mgawanye maneno ya kila mhusika, na kila mtoto asome sehemu yake kutoka kwenye karatasi bila kuikariri. Yule binti wako mpe sehemu fupi inayojirudia, kwani kulisoma neno lilelile mara sita mbele ya wenzake bila aibu kutamfaa kuliko kumsahihisha mara sita pembeni.

Pwani Kaskazini
Nawasalimu kutoka Mombasa, ambako badala ya hadithi njoo sisi husema "Paukwa!" na watoto hujibu "Pakawa!" Mimi hutumia vitendawili. Huandika "Nyumba yangu haina mlango" kwenye kijikaratasi, na kundi hutafuta kabatini kitabu ambamo yai limetajwa, kisha linasoma sentensi hiyo kwa sauti. Kutafuta huko huwalazimisha kufungua vitabu ambavyo wasingevigusa, hata vile vya kiada vya zamani unavyovilalamikia.

Tena, chumba kikiwa kidogo, beba vitabu kwenye kreti hadi chini ya mti. Huduma ya maktaba ya taifa huku Kenya ilianza mwaka 1996 kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia, seuze wewe na mwembe ulio uani.

Mkaguzi Mstaafu
Ninaomba kutofautiana kidogo. Watoto hawa mwakani wana upimaji wa darasa la nne, ambao huandikwa wala hauigizwi, na vitabu vikianza kuzurura chini ya miembe, mwisho wa mwaka mwalimu ndiye atakayeulizwa vilipokwenda.

Mama Mikeka
Kuhusu upotevu naafiki, mzee wangu, na ndiyo maana kila kundi liwe na kiranja wa vitabu anayehesabu wakati wa kutoka na wa kurudi. Kuhusu upimaji, sijaona mtoto anayeweza kuandika jibu la swali ambalo hawezi kulisoma.

Mlinzi wa Kabati
Nawashukuru nyote. Juzi nilijaribu kukifunga kitabu katikati, na watoto watatu walinifuata hadi ofisini kuulizia mwisho, jambo ambalo halijawahi kutokea. Tatizo lililojitokeza ni kwamba hadithi zinazofaa kiwango chao hazizidi ishirini, nazo zitakwisha kabla ya muhula.

Pwani Kaskazini
Tengenezeni zenu. Tovuti ya African Storybook inatoa bure hadithi fupi za watoto, zikiwemo za Kiswahili, na unaweza kuzichapa ukimpata mtu mwenye printa. Lakini kwenu kuna Wabondei na Wasambaa. Mwalike bibi mmoja asimulie, watoto waiandike kwa Kiswahili, sentensi moja na picha moja kwa kila ukurasa, kisha mkishone kitabu hicho na kukipa namba ya kabatini kama vingine, kikiwa na majina ya waandishi wake kwenye jalada.

Mlinzi wa Kabati
Bibi ninaye, jirani wa shule. Je, mnashona kwa nini ili kisichanike mikononi mwa watoto 84?

Mama Mikeka
Kunja manila katikati, toboa matundu matano kwenye mkunjo kwa shazia, kisha pitisha uzi wa gunia mara mbili. Jalada liwe boksi la katoni lililobandikwa kwa uji mzito wa unga wa muhogo, na uliache likauke kivulini, kwa maana juani litajikunja.