Wenye magari ya dizeli yenye DPF: ikiziba mnafanyaje? Tupeane uzoefu

Dizeli wa Mbezi
Wakuu, salaam. Magari mengi ya dizeli tunayoagiza Japani na Uingereza yanakuja na DPF, ule mtungi wa kwenye eksozi unaonasa masizi. Ukijaa, kompyuta ya gari inaongeza dizeli, joto linapanda hadi nyuzi 600 hivi, masizi yanaungua. Langu ni la Mbezi–Posta kila siku, foleni kwenda na kurudi. Sasa taa ya DPF imewaka na gari halivuti. Fundi anasema tuitoboe, yaani atoe kichujio cha ndani moshi upite wazi, yaishe. Sitaki kufika huko kabla sijawasikia mliopitia. Leteni kisa, na chanzo kilichoonekana mwishoni.

Mluguru
Langu liliwaka taa likiwa bado lina nguvu. Nikalitoa alfajiri, barabara ya Morogoro, nikashika gia ya chini kidogo ili mizunguko ya injini isipungue 2,000 kwa dakika, bila kusimama. Kabla ya Chalinze taa ilishazima. Ila lako halivuti tena, mkuu. Usililazimishe safari, lipimwe kwanza.

Wa Ngong Road
Hapa Nairobi fundi alinichomea masizi ya DPF kwa mashine inayoiamuru kompyuta ya gari, nikalipa, taa ikarudi. Akachoma tena, ikarudi tena. Nilikuwa karibu kununua DPF nyingine, na bei yake inaumiza. Ndipo fundi mwingine akafanya jambo dogo sana: akafungua swichi bila kuwasha injini, akasoma sensa ya presha ya DPF. Injini haizunguki, hakuna moshi unaopita, basi presha inatakiwa iwe sifuri au karibu na hapo. Yangu ilikuwa juu! Sensa ilikuwa inadanganya kompyuta kwamba mtungi umejaa. Tukabadilisha sensa pamoja na mpira wake mmoja uliokuwa umepasuka, na DPF ni ileile mpaka leo. Jamani, msikubali kuchomewa kabla fundi hajaonyesha namba. Na akichoma gari likiwa limesimama, lisiwe juu ya majani makavu. Eksozi inakuwa ya moto vibaya.

Mama Tengeru
Angalieni oili. Mimi nilikuwa napeleka watoto shule na kurudi, nazima gari likiwa katikati ya kujichoma, yaani kuunguza masizi yake. Kila likikatizwa, dizeli isiyoungua inachuruzika hadi kwenye oili. Kijiti kikaonyesha oili imepanda badala ya kupungua, na inanuka dizeli. Hiyo inaua injini. Siku hizi nikisikia sailensa (mizunguko ya injini gari likiwa limesimama) iko juu kuliko kawaida na feni inavuma, naongeza mzunguko wa mtaa mpaka itulie. Oili nayo iwe ya majivu kidogo, kopo liwe na alama ya C2 au C3 kama kitabu cha gari kinavyosema.

Mtu wa Singida
Kwa gari lililokula kilomita nyingi: masizi yanaungua, majivu ya oili hayaungui. Langu lilibidi DPF ifunguliwe ikaoshwe nje. Hakuna dawa ya kumimina kwenye tangi inayotoa majivu.

Wa Leicester
Kuhusu kutoboa. Huku Uingereza, tangu Februari 2014, gari lililotoka kiwandani na DPF likikutwa halina linafeli ukaguzi wa MOT. Wala si ukali wa bure: IARC, taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani, iliuweka moshi wa dizeli mwaka 2012 kwenye kundi la vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Watoto wanaosubiri daladala ndio wanaouvuta. Nawasihi, tafuteni chanzo.

Dizeli wa Mbezi
Asanteni sana. Nimebadilisha fundi, amepima. Sensa haina tatizo. Shida ni themostati, ile vali ya maji ya kupoza injini, imekwama wazi: maji hayavuki nyuzi 70 hata nikiendesha muda mrefu, na injini isipopata joto lake kompyuta hairuhusu kujichoma. Tunabadilisha hiyo kwanza, kisha anachoma kwa mashine, na kijiti cha oili tumekikagua pia. Hatutoboi.