Nafungua bomba Jumapili alfajiri, ibada inanipita. Nifanyeje?

Mama wa Kilulani (Chamwino)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nina jambo limenikaa moyoni tangu mwezi wa nane. Naomba mnisaidie kwa Neno na kwa yale mliyopitia.

Mimi ni muuza maji kwenye kilula, yaani bomba la umma la kijiji chetu, upande wa Mvumi. Ufunguo wa koki ninao mimi, daftari ninalo mimi, na kila Jumatatu nakabidhi hela kwa mhasibu wa jumuiya ya watumia maji. Dumu la lita 20 ni shilingi 50. Wanaoijua Ugogo wanajua kiangazi chetu. Mvua ikikatika mwezi wa nne, tunaisubiri mpaka wa kumi na mbili. Kilula kikifungwa, mtu anashuka korongoni, anafukua mchanga mpaka unamfika kiunoni, anakaa kusubiri maji yachuruzike, kisha anateka kikombe kwa kikombe. Na humo humo punda na mbuzi wamekanyaga.

Jumapili ndiyo foleni ndefu kuliko siku zote. Watoto hawaendi shule, sare zinafuliwa, kila mtu anataka kuoga aende kanisani. Nafungua saa kumi na moja na nusu. Ibada ya mtaa wetu wa kanisa inaanza saa tatu. Nikifunga mapema nawaacha watu ishirini na madumu makavu. Nikisubiri foleni iishe, nafika wakati wa matangazo, na siku nyingine siendi kabisa. Kwaya niliyoimba miaka kumi na moja sasa sauti yangu ya pili anaimba mwingine. Kinachoniuma zaidi ni Meza ya Bwana. Kasisi ana mitaa mingi, kwetu anafika mara moja kwa mwezi, na mwaka huu nimeshiriki mara mbili tu.

Mzee mmoja wa kanisa aliniambia mbele za watu kwamba nimeiuza siku ya Bwana kwa shilingi hamsini. Usiku ule sikulala. Simsemi kwa ubaya, ndiye aliyenifundisha Kipaimara.

Jumapili iliyofuata alikuja bibi mmoja anayeishi peke yake. Macho yake hayaoni vizuri. Ana dumu la njano la lita kumi, kifuniko kilipotea zamani, analiziba kwa gunzi la mahindi. Nikamkingia, nikaliziba, nikamtwisha. Nilipokuwa naliweka sawa kwenye kata ya kichwani nikasikia shingo yake inatetemeka. Nikasema kimoyomoyo, Bwana, mshike huyu mpaka mlangoni kwake. Tangu siku ile dumu linapojaa namwombea mwenye dumu kwa jina lake. Koki yetu inajaza dumu kubwa kwa kama dakika moja na nusu, maombi mafupi yanatosha humo.

Sasa naomba mniambie: hiyo ni ibada? Au nimejitafutia kisingizio kizuri cha kutokwenda kanisani? Naijua nafsi yangu. Msinifariji tu, niambieni kweli.

Baba wa Nzuguni

Mama, shalom. Mimi nasimama na siku ya Bwana. Soma Kutoka 16: siku ya sita Waisraeli waliokota mana maradufu ili siku ya saba wapumzike. Tangaza wiki nzima kwamba Jumapili utafungua baada ya ibada, watu wateke Jumamosi ya kutosha siku mbili. Watazoea. Sisi Wakristo tumewazoesha watu kwamba siku hii ni kama siku nyingine, halafu tunashangaa makanisa yanabaki na wazee.

Mama wa Kilulani

Asante baba, na hofu yako juu ya siku hii ni hofu yangu pia. Nilijaribu hivyo mwezi wa tisa. Pampu yetu ni ya sola, tenki linajaa jua likiwaka. Jumamosi ile wenye mapipa wakajaza mapipa, na ilipofika saa tisa tenki lilikuwa limekauka. Waliotoka shambani jioni hawakupata kitu, wala Jumapili asubuhi. Kuna nyumba hapa zina dumu moja na sufuria moja, hata wakitaka kuteka maradufu watayaweka wapi? Yule bibi alikwenda korongoni. Niliambiwa na mjukuu wa jirani. Sitarudia.

Nesi wa Zamu

Dada yangu, umenigusa. Mimi ni muuguzi, hospitali ya misheni, Jumapili tatu kati ya nne niko wodini. Wodi haifungwi na mtu hawezi kuahirisha uchungu wa kujifungua.

Umesema usifarijiwe tu, basi nitakwambia yaliyonipata. Kwa karibu miaka miwili nilikuwa nikisema "kazi yangu ndiyo ibada yangu." Nilisema kwa moyo safi. Lakini niliacha kusali asubuhi, nikaacha fellowship ya Alhamisi, nikaacha kusoma. Polepole nikakauka. Siku moja mama mmoja aliyejifungua aliniomba maji ya moto, nikamjibu kwa ukali, naye akaninyamazia akageukia ukutani. Mgongo wake ule ndio ulionifundisha. Mikono ilikuwa inahudumia bado, ila moyo ulishaondoka.

Kwa hiyo maombi yako ya dakika moja na nusu yashike sana. Na ukiona umeanza kuhesabu madumu bila kuona watu, shtuka mapema kuliko mimi. Halafu pigania Jumapili ya Meza ya Bwana. Hiyo moja. Mimi nilimweleza mwenzangu wa zamu waziwazi, akakubali, nami namshikia siku zake.

Mwinjilisti Mstaafu, Kongwa

Binti yangu, amani ya Bwana. Nimehudumu mitaani miaka mingi, niseme machache.

Neno alilotumia Paulo kwa Kiyunani katika Warumi 12:1, tulilolipata kwa Kiswahili kama "ibada", linabeba pia maana ya utumishi. Na hata Kiswahili chenyewe: ibada, abudu, abdi, yote ni mzizi mmoja wa Kiarabu, na abdi ni mtumwa, mtumishi. Mababu waliochagua neno hili walitupa ibada isiyoweza kukaa bila mtumishi ndani yake. Kisha fungua Luka 13:15. Bwana anawauliza watu wa sinagogi kama siku ya sabato hawamfungui ng'ombe au punda wakampeleka kunywa maji. Maji, binti yangu, na siku ya sabato! Sisi wenye punda wanaobeba madumu tungepaswa kuuelewa mstari huo haraka.

Injili huku kwetu haikuja na mahubiri matupu. Wamisionari wa CMS, chama cha misheni cha Kianglikana kutoka Uingereza, walifika Mpwapwa mwaka 1876, na Mvumi kanisa limekua pamoja na shule na hospitali. Hakuna aliyeuliza kama kumfunga mtu kidonda kunampunguzia ibada.

Ila naona jambo mmeliacha. Foleni yako ya Jumapili na waumini wa mtaa wako ni watu wale wale. Kwa nini mzigo huu uubebe peke yako? Katika Matendo 6 kazi ya mezani ilipowaelemea mitume, kanisa lilichagua watu saba. Nenda kwa mwinjilisti wako, uombe lifike kwenye kamati: ibada isogezwe saa nne wakati wa kiangazi, au vijana wapokezane ufunguo. Na yule mzee mwende wote, yeye ana sauti kwenye kamati na anakujua tangu Kipaimara.

Mama wa Kilulani

Asanteni sana. Nesi, huo mgongo wa yule mama sitausahau.

Nimekwenda. Mzee tulikwenda naye, njiani hakusema mengi. Saa nne kamati imekataa kwa sasa, wengine wana mifugo ya kupeleka malishoni. Lakini wasichana wawili wa kwaya wamekubali kushika koki Jumapili ya Meza ya Bwana, nao watashiriki kasisi atakapopita kwa wagonjwa mchana. Jumuiya ya maji ilitaka barua kwa sababu ya hela, mwinjilisti ameiandika.

Jana jioni niliwaita kilulani. Nimewaonyesha daftari, na namna ya kuifunga koki isivuje. Nimewaonyesha pia lile gunzi: linawekwa kwanza, halafu linazungushwa kushoto huku umelikandamiza kwa kiganja, la sivyo maji yanammwagikia bibi mgongoni njia nzima. Mmoja wao aliuliza jina la bibi. Nikamwambia.