Mrejesho: Kwaya yetu iliyokuwa ikishuka sauti

Nilileta malalamiko hapa kwamba kwaya yetu ndogo, watu 11 wa Mjini Unguja, tukiimba bila kinanda tunaanza vizuri, tukifika ubeti wa tatu sauti imeshashuka, besi wanakoroma tu. Mkanishauri tuache kusimama kwa mafungu, kila mmoja awe na jirani wa sauti nyengine.

Wakubwa zangu, imetufaa! Wiki ya kwanza ilikuwa vurugu; mwenzetu mmoja wa sauti ya tatu akawa anaifuata soprano kama kifaranga. (Ni seremala, nota hajui, lakini sikio analo.) Sasa tunasikilizana.

Jumapili tukaimba kanisa la Mkunazini, lile lililoanza kujengwa 1873 palipokuwa soko la watumwa. Kuta zile zinarudisha sauti, ikabidi twende polepole maneno yasigongane. Tulipomaliza, mwalimu akagusa kinanda: tumeshuka nusu toni tu. Zamani zilikuwa karibu toni mbili!

Kilichobaki ni mahudhurio. Wawili wana zamu hotelini Nungwi, mbali huko kaskazini ya kisiwa, na daladala za jioni mnazijua. Nani ana dawa ya hilo?