Oveni ya gesi, ya stima ama ya makaa? Maembe yanakaribia na bado sijaamua

mwembe_mmoja (Kisauni)
Asalaam aleikum wakubwa kwa wadogo. Naomba ushauri maana mwisho wa mwezi nataka kuingia mjini kununua oveni na najijua, nikienda bila msimamo muuzaji atanipakia kitu sikukitaka. Hapa nyuma ya nyumba nna mwembe mmoja wa ngowe, ukizaa majirani wanachoka kugongewa mlango, migomba ipo kiasi, maboga yametambaa mpaka ukutani kwa watu, na muhogo ambao mwenyewe ni mama mkwe mimi nachimba tu. Msimu uliopita maembe mengi yaliniozea, juisi tulikunywa mpaka watoto wakasema mama basi. Safari hii nataka nioke, keki za embe, za ndizi, muhogo na tui, vitu vya watoto kubeba shule. Nimebaki na tatu kichwani: jiko la gesi la kusimama lenye oveni chini, oveni ya stima ya kuweka mezani, na yale ya makaa ya mabati wanayotengeneza mafundi. Nichukue gani?

ShangaziTudor
Waaleikum salaam. Nichukue gani kwa pesa ngapi? Nyumba yako ama ya kupanga? Mko wangapi? Mwanangu umetueleza safari ya maboga mpaka ukutani, bajeti hukusema.

fundi_waya
Na mimi nauliza. Mita ni yako peke yako ama mnachangia na wapangaji wengine? Jikoni una soketi ya kawaida tu ama kuna ile swichi kubwa ya jiko? Bila kujua hayo mtu akikwambia chukua ya stima anabahatisha.

nazi_mbili (Likoni)
Gesi. Hakuna la kujadili. Stima ikipotea na keki imeanza kuumuka utakaa kwenye kigoda uilie.

kijana_wa_bamburi
Mbona hakuna aliyetaja ile mashine ya kukaanga kwa hewa? Mimi naokea humo, dakika ishirini nishamaliza na jiko halijachafuka.

nazi_mbili (Likoni)
@kijana_wa_bamburi keki ya ukubwa wa kiganja hiyo. Dada ana familia, wewe unaishi peke yako na simu.

bibi_wa_kibokoni
Nyinyi watoto mna mambo. Sisi tumekula mkate wa sinia miaka yote hakuna oveni nyumbani. Sufuria, moto kiasi chini, kifuniko cha bati, makaa unapalia juu, basi. Juu ndo kuwe na moto zaidi kuliko chini, hapo ndipo wengi wanapokosea wanajaza makaa chini mkate unashika. Mchele uloweke usiku, usage na tui na hamira na iliki, uache uumuke, umimine. Mama yangu alikuwa anajua umeiva kwa harufu, hafunui. Na mkate wa mofa je, ule wa tanuri la udongo, nyinyi mnaujua mofa ulivyo ama mnausikia tu?

mwembe_mmoja (Kisauni)
Samahani jamani nilikuwa napika. Tuko saba na mama mkwe. Nyumba ni yetu alhamdulillahi. Gesi ninayo, mtungi wa kilo 13 na jiko la meza la macho mawili. Soketi ni za kawaida tu, mita yetu wenyewe. Bajeti nimetenga elfu ishirini na tano, nikibanwa sana thelathini lakini mzee asijue. Bibi nakuheshimu ila makaa siku hizi gunia unalipa kama umenunua mbuzi.

fundi_waya
Sasa tunaongea. Soketi ya kawaida ya amp 13 mwisho wake ni kama wati 3,000 hivi, oveni ya mezani nyingi ni kati ya 1,500 na 2,000 kwa hiyo soketi inaibeba bila shida, lakini iwe imechomekwa ukutani moja kwa moja. Usiiweke kwenye ekstenshen ile ya elfu moja pamoja na friji na birika, waya unapata moto ndani ya plastiki na wewe unaona keki tu. Ukichukua jiko la kusimama uangalie kama oveni yake ni ya gesi ama ya stima, kuna yale ya gesi tatu na sahani moja ya stima na oveni ya stima, hayo ukiwasha kila kitu kwa pamoja soketi haitoshi, linataka waya wake mnene na swichi yake. Watu hawaulizi hilo dukani, wanauliza rangi.

mama_pilau_majengo
Na bili je? Mimi hiyo ndo inanitisha kwa ya stima, tokeni zenyewe unaweka asubuhi jioni inalia.

fundi_waya
Hesabu ni rahisi. Oveni ya wati 1,800 ikiwaka saa nzima bila kupumzika inakula uniti 1.8. Na haiwaki saa nzima, ikifika joto inajizima inajiwasha. Keki ya dakika arubaini haifiki hata uniti moja na nusu. Kinachokula tokeni ni pasi na ile hita ya kuogea.

ShangaziTudor
Sasa nisikilizeni na mimi maana haya mambo yamenifika. Nilinunua jiko la kusimama lenye oveni ya gesi, duka silitaji, muuzaji ananiambia shangazi hili ni la maisha. Wiki hiyo hiyo tulikuwa na shughuli ya posa ya binti wa ndugu yangu, nikajifanya hodari nikasema keki naoka mimi, tatu, za embe. Oveni yenyewe kumbe moto unatoka chini peke yake, kitufe kimeandikwa namba moja mpaka nane, moja ni joto gani nane ni joto gani hakuna anayejua. Nikaweka nne nikiona ndo katikati. Baada ya nusu saa nasikia harufu, nafungua, chini nyeusi kama kaniki, juu inatikisika kama maziwa ya mgando. Ya pili nikaipandisha waya wa juu, nikaweka namba mbili, saa nzima na robo ikaiva pembeni katikati ikatumbukia. Halafu na mimi kosa nilikuwa nalo, rojo la embe nililimimina bichi vile lilivyotoka kwenye blenda, maji matupu. Ya tatu sikuioka, niliinua simu nikaagiza mjini, na wifi yangu mpaka leo akiniona ananiuliza shangazi jiko la maisha hujambo? Halikuishia hapo. Nyumba yetu upepo wa bahari unaingia moja kwa moja, mwaka wa pili chini ya mlango kutu imeanza, mwaka wa tatu ukifungua mlango unabaki nao mkononi. Kwa hiyo mimi mtu akiniambia oveni ya gesi namtazama tu.

nazi_mbili (Likoni)
Pole shangazi lakini hapo kosa si la gesi, ni kukosa kipimajoto. Kile kidogo cha kuning'iniza ndani kwenye waya. Ukijua joto la digrii 180 liko wapi kwenye kitufe chako unatia alama kwa rangi ya kucha, basi. Na oveni ya gesi unaiwasha dakika kumi na tano kabla. Na kutu hata ya stima inapata, hii ni Mombasa, hata pini ya nguo inapata kutu.

ShangaziTudor
Ulikuwa wapi siku ya posa na kipimajoto chako?

msafi_wa_jikoni
Nazi_mbili ana haki kidogo. Halafu moto wa gesi una mvuke, gesi ikiungua inatoa maji, kwa hiyo mkate unakuwa laini juu, haukauki. Ya stima ni moto mkavu na ina koili juu na chini, keki inatoka na rangi sawasawa. Kwa keki na biskuti mimi stima. Kwa nyama ya kuchoma kwa oveni ama samaki, gesi sioni ubaya.

kijana_wa_bamburi
Na ya makaa hakuna anayeitetea kweli?

bibi_wa_kibokoni
Nilishaitetea, hamkusoma.

mpwani_halisi
Mimi ninayo ya makaa, mama watoto anauza nayo mikate. Ni sanduku la mabati mawili na katikati kumewekwa kitu cha kuzuia joto, makaa chini na trei ya makaa juu. Faida yake ni kubwa, inaingia trei nne kwa mpigo, na stima ipotee isipotee yeye kazi inaendelea. Ila inataka mtu wa kukaa nayo, si ya kuwasha ukaenda kutazama tamthilia. Na iwe NJE. Usiingize ndani jikoni ukafunga madirisha sababu ya mvua, moshi wa makaa ule usioonekana unaua watu wamelala. Sisi tumeijengea kibanda nyuma.

mama_pilau_majengo
Kwa watu saba trei nne za nini, anafungua kioski?

mwembe_mmoja (Kisauni)
@mama_pilau_majengo usinitie maneno mdomoni ila wazo si baya lol. Shangazi hilo la rojo la embe nifafanulie, mimi nilikuwa nataka kumimina vile vile.

ShangaziTudor
Usithubutu. Menya, saga, chuja kama lina nyuzi, kisha utie sufuriani moto mdogo unakoroga mpaka lipungue karibu nusu na likiachia kijiko linaanguka kwa uzito. Lipoe kabisa ndo lichanganye na siagi na sukari. Sukari punguza maana embe lenyewe ni sukari. Hilo rojo lililokazwa pia waweza kuligandisha kwenye vifuko kwenye friza, ukala keki ya embe hata msimu ukishapita wakati wengine hawana.

kijana_wa_bamburi
Kwa keki embe apple ndo mwisho, lina harufu.

mpwani_halisi
Apple lina maji. Ngowe. Halina nyuzi na rangi yake ni ile ya chungwa yenyewe, keki inatoka kama umetia zafarani. Boribo kwa kula, dodo kwa achari likiwa bichi.

nazi_mbili (Likoni)
Dodo kwa achari??? Achari ni embe lolote bichi mradi kokwa halijakomaa. Umekulia wapi wewe?

mpwani_halisi
Kilifi, na huko ndiko maembe yanakotoka, nyinyi wa Mombasa mnanunua soko la Marikiti limeshapita mikono minne.

bibi_wa_kibokoni
Msigombane kwa maembe. Ngowe ni letu la pwani, mengine yaje kwa adabu.

msafi_wa_jikoni
Turudi kwa dada. Muhogo wako ni mtamu ama mchungu? Usije ukachimba tu ukakuna. Ule mchungu una sumu na haufai kukunwa mbichi ukaokwa juujuu. Muulize mama mkwe yeye atajua shamba lake. Hata ule mtamu menya lile ganda la ndani la waridi lote, toa uzi wa katikati, kamua maji yake kwa kitambaa, ndo uchanganye na tui zito, sukari, iliki, oka mpaka juu pawe kahawia kabisa.

mwembe_mmoja (Kisauni)
Ni mtamu, watoto huula wa kuchemsha na wa kukaanga na pilipili na ndimu. Mama mkwe kasikia nasoma hapa kwa sauti anasema mwambie huyo msafi muhogo wangu sina wa sumu, amekasirika kidogo.

msafi_wa_jikoni
Naomba radhi kwa mama, sikumaanisha yeye.

mama_pilau_majengo
Nina papai nyumbani nalo limejaa, naweza kufanya vile vile na maziwa kama kastadi?

ShangaziTudor
Papai lisilopikwa likikaa na maziwa yanageuka machungu, lina kitu ndani kinachokula maziwa, ndicho kinacholainisha nyama pia ukipaka. Lipike kwanza lichemke ndo utie maziwa.

fundi_waya
Dada hujatujibu, umeelekea wapi? Kwa elfu ishirini na tano na soketi ya kawaida na jiko la gesi tayari unalo, mimi ningechukua ya mezani ya stima lita 45 na chenji inabaki.

nazi_mbili (Likoni)
Na stima ikipotea?

fundi_waya
Ikipotea anapalia kama bibi. Ama anangoja. Kwani keki ni dawa?

bibi_wa_kibokoni
Fundi leo umesema neno.

mpwani_halisi
Mimi bado nasema makaa ikiwa atauza. Ikiwa ni ya nyumbani tu asikilize fundi. Ila apime meza kwanza, lita 45 si kidogo na nyuma iachiwe nafasi isigusane na ukuta wala pazia.

mwembe_mmoja (Kisauni)
Sasa ndo mmenichanganya zaidi. Nilikuwa nimeshaegemea stima, mzee karudi jioni anasema rafiki yake anahama anauza jiko la kusimama la gesi tatu na sahani moja, anampa kwa elfu kumi na nane, limetumika miaka miwili. Nyumba ya huyo rafiki iko Nyali, karibu na bahari.

ShangaziTudor
Angalia chini ya mlango.

fundi_waya
Oveni yake ni ya gesi ama ya stima? Piga picha ya kile kibandiko cha nyuma chenye wati. Usilipe kabla.

nazi_mbili (Likoni)
Na mpira wa gesi badilisha hata ukionekana mzima, kisha paka maji ya sabuni kwenye viungio, ukiona povu linavimba usiwashe.

mwembe_mmoja (Kisauni)
Kesho tunaenda kuliona. Lakini leo nimeokota maembe sita chini ya mti, machanga, nimepasua mawili yana funza ndani. Kuna mtu anajua dawa kabla yote hayajaharibika?

mpwani_halisi
Nzi wa matunda hao. Yaliyoanguka usiyaache chini hata siku moja, ndo wanakozaliana. Yafukie shimo refu lipite nusu mita, ama yafunge kwenye mfuko mweusi uuache juani siku kadhaa. Yaliyo mtini yale ya matawi ya chini yavike mifuko ya karatasi.

kijana_wa_bamburi
Mimi nna ngazi ndefu, nikija kukuvikia mifuko nalipwa keki?

nazi_mbili (Likoni)
Ya ukubwa wa kiganja.